Nadai Mwaka Wangu

Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Nimefungua chumba cha makoti leo. Theluji ya kwanza imeanguka, watu wameingia Jumba la Utamaduni wamejifunika hadi pua, na mimi saa mbili kamili niko nyuma ya kaunta, rangi ya midomo nimepaka, vibati vya namba ninavyowapa wenye makoti vinang'aa. Miaka ishirini na tisa! Sijapoteza koti hata moja. Kofia, hata moja. Glovu moja tu, mwaka 1996, na mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba aliisahau nyumbani kwa mwanamke asiye mkewe.

Saa nne ikaingia kwaya ya wastaafu. Mabibi kumi na wanne, na mbele yao Katira. Nani mwingine! Tumekulia kijiji kimoja, amenizidi miaka miwili. Alistaafu Novemba 2017 akiwa na miaka hamsini na minane, wiki sita kabla serikali haijaanza kuusogeza umri wa wanawake kustaafu. Wiki sita! Mlango ulimkosa kisigino, na tangu siku hiyo anatembea utadhani alishinda vita. Akanitupia koti lake la manyoya ya mbweha juu ya kaunta (zamani lilikuwa langu, lakini leo sina nguvu ya kuliandika hilo), akaniambia nilitundike mbali na bomba la joto, manyoya yasije yakakauka. Ananifundisha mimi manyoya! Kisha akasema ananionea huruma, kusimama kutwa na magoti yale.

Magoti yangu hayamhusu.

Niandike hapa nisije nikapasuka. Kwa sheria ya zamani ningestaafu Desemba hii, nikitimiza hamsini na minane. Sasa kila mwaka wanaongeza nusu mwaka. Desemba hii nikifika hamsini na minane, wao wanataka hamsini na tisa. Mwakani nikifika hamsini na tisa, watataka na nusu juu. Nitawakamata Desemba 2021, nikiwa na sitini. Ni sawa na kumfukuza mtu anayekimbia kinyumenyume huku anakuchekea.

Na kwaya haimpokei asiye na kitambulisho cha mstaafu. Mwezi wa pili wanakwenda jiji kubwa la Almaty kwenye tamasha. Mwimbaji kiongozi anachaguliwa mwishoni mwa Desemba. Miaka ishirini na tisa nimezisikia nyimbo zote kupitia ukutani, nimesimama katikati ya makoti ya watu. Nazijua zote. Naziimba kuwashinda wote, na silisemi hili kwa majivuno, ni jambo linalojulikana. Nataka kusimama jukwaani. Nataka mtu mwingine ashike koti langu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata! Nilikuwa namenya viazi, kisu kikaanguka.

Baba alikuwa na mabinti watano. Nilipozaliwa mimi, wa sita, huko kambini kwa kondoo katikati ya baridi, aliniita Ulbosyn, yaani "awe wa kiume", ili Mungu akumbuke ombi lake safari ijayo. Mtu aliyenuna kiasi hicho atakimbilia mjini kuniandikishia cheti? Ng'o! Ofisi ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa farasi. Alingoja. Bila shaka alingoja mpaka baridi ya mwaka uliofuata, alipokuwa na shughuli nyingine mjini. Kwa hiyo sikuzaliwa Desemba 1961, mwaka wa Ng'ombe kwa kalenda yetu ya wanyama kumi na wawili, kama cheti kinavyosema. Nilizaliwa Desemba 1960, mwaka wa Panya! Nikirudishiwa huo mwaka mmoja, Desemba hii ninatimiza hamsini na tisa, na hamsini na tisa ndiyo wanayoitaka. Nastaafu papo hapo.

Nikamweleza mkamwana wangu, Meruert. Akaniuliza kama marehemu mama aliwahi kunigusia jambo hilo. Nikamjibu mama hakuwa msemaji. (Mama aliongea kutwa kucha, hata usingizini.)

Meruert akatafuta kwenye simu. Mahakama ya wilaya inaweza kurekebisha mwaka wa kuzaliwa, nikileta mashahidi wawili walionizidi umri na karatasi ya daktari. Akaongeza kwa upole kwamba mama, yaani mimi, afikirie kwanza. Nimeshafikiria. Dakika ishirini nzima.

Kuanzia kesho mimi ni mzee.

Alhamisi, 10 Oktoba

Miaka minane nimepigana na mkurugenzi wetu, Yerzat, asiniite bibi. Ana miaka thelathini na mmoja, amelelewa vizuri, bibi humtoka mdomoni bila kukusudia. Nilimfundisha kuniita mama. Leo nikamwendea ofisini nikamwomba aanze kuniita bibi, tena mbele za watu. Akasimama. Akaniuliza kama nimepata habari mbaya hospitali.

Saa sita, mbele ya mhasibu, akajikaza akasema, bibi, funguo za ukumbi tafadhali. Kabla sijajizuia nikamwambia bibi yuko kwao anamngoja na uji.

Inabidi nifanye mazoezi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda kijijini kwa Bibi Nesipkul, mjane wa ami yangu. Ana themanini na sita na ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Nimempelekea soseji ya farasi, ile nene ya mbavuni, nimempikia na chai ya maziwa kwa mikono yangu.

Anakumbuka kila kitu! Alisema nilitoka nikipiga kelele hadi mbwa wakakimbia kambini. Nimemwomba alirudie hilo mara mbili, maana ni ushahidi wa kipaji. Baba alichungulia, akaambiwa ni msichana, akarudi kwa kondoo bila kuvua kofia. Safi sana. Nikamwuliza ilikuwa mwaka gani. Akasema ulikuwa mwaka wa theluji nyingi. Nikamwuliza mwaka wa mnyama gani sasa. Akasema wanyama walikuwepo wote, ngamia, farasi, mbuzi watatu.

Nikamwambia polepole: Panya. Akafikiri. Akasema panya nao walikuwepo, tena walimaliza gunia zima la unga. Nikambusu mikono. Nikamwambia hilo neno moja tu, Panya, amwambie hakimu. Akasema yeye hana ugomvi na panya, ila anataka kujua kama huko mahakamani wanatoa chai.

Jumatatu, 14 Oktoba

Shahidi wa pili. Nimehesabu watu wote waliokuwa kambini ile baridi. Wamekufa wote isipokuwa mmoja, Kasken, ambaye enzi hizo alikuwa kijana wa miaka kumi na sita akimsaidia baba kuchunga. Na Kasken ni kaka yake Katira.

Loo!

Tangu afiwe na mkewe, Kasken hafanyi lolote bila kumwuliza dada yake. Hata kunyoa ndevu. Kwa hiyo njia ya kustaafu kwangu inapita sebuleni kwa Katira. Mungu naye ana mizaha yake.

Leo koti la Katira nimelitundika kwenye ndoano namba moja, ndoano ya mgeni wa wilaya. Nimelipiga brashi. Alipokuja kulichukua akalitazama koti, akanitazama mimi, akauliza nani amekufa. Nikamwalika chai.

Jumatano, 16 Oktoba

Katira amekula maandazi kumi na moja. Nilimwacha ale.

Nikamweleza shida yangu. Alisikiliza kichwa kimeinama upande, huku anakoroga chai isiyo na sukari. Akasema Kasken anaweza kupata kumbukumbu, kwa nini isiwezekane. Ila na yeye ana jambo dogo. Anataka niseme mbele ya kwaya nzima kwamba sauti yake inaishinda yangu.

Nikamwambia naweza kusema si mbaya. Akaweka kikombe chini. Nikasema basi, ni nzuri. Akaanza kutafuta viatu vyake. Nikamshika mkono nikamwambia akae, kuna jamu ya cheri.

Alipoondoka Katira, Meruert alinikuta nimesimama jikoni nimekamata kitambaa cha meza. Akaniuliza kama naumwa. Naumwa, ndiyo. Naumwa heshima.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimesema.

Nilisema kwa sauti ya chini, wakati wanachukua makoti, nikitumaini vibati vitapiga kelele. Katira akaweka mkono sikioni, akasema hawakusikia wote. Nikasema tena. Mabibi kumi na wanne wakapiga makofi. Moyoni nikamalizia sentensi: inaishinda yangu kwa kuita kondoo.

Kasken atakuja. Katira atamleta mwenyewe. Anasema hakosi hata kama theluji itafika madirishani.

Jumanne, 22 Oktoba

Kwa daktari. Alinitazama meno, akanipima mgongo, akanibonyeza magoti, akanikalisha, akanisimamisha. Kijana makini sana. Mwishoni akasema hawezi kuthibitisha mwaka, lakini kwa kunitazama tu hanipi zaidi ya hamsini na miwili.

Hamsini na miwili!

Nikamwambia aandike. Akasema si lazima. Nikamwambia aandike, tena aweke mhuri. Akaandika. Nikasoma korido nzima nikienda, nikamsomea na mwanamke wa mapokezi. Nikapitia mahakamani moja kwa moja nikaiweka kwenye faili kwa mkono wangu, juu kabisa.

Nyumbani nikamsimulia Meruert. Akauliza, mama, sisi si tunataka kuthibitisha kwamba mama ni mzee zaidi? Nikamwambia karatasi rasmi ni karatasi rasmi, zikizidi ndiyo vizuri. Wasichana wa siku hizi hawajui sheria.

Jumapili, 27 Oktoba

Mazoezi ya uzee. Nimevaa kilemba cheupe cha mabibi, cha marehemu mama mkwe. Nimeshika fimbo. Nimekwenda duka la mkate nikiburuta mguu mmoja, halafu nikasahau ni upi nikauburuta mwingine.

Kwenye foleni mwanamke mmoja akageuka akawaambia watu wampishe bibi huyu. Bibi! Nikamwuliza kwa adabu yeye ana miaka mingapi. Sitini na miwili! Amenizidi mitano, hata ukiniongezea ule mwaka amenizidi minne, na ananiita bibi mbele ya watu! Nikamwambia bibi ni yeye, na kwamba mimi daktari wa serikali amenipa hamsini na miwili kwa maandishi. Nikanunua mkate nikatoka mbio. Fimbo imebaki dukani. Sirudi kuifuata.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimetoka mahakamani, naandika.

Hakimu ni mwanamke, hajafika arobaini, macho ya upole. Niliingia na kilemba cheupe, bila rangi ya midomo. Nilijihisi nimetoka bila nguo. Nyuma yangu Meruert, pembeni Kasken na Katira, na Katira amevaa lile koti la mbweha humo ndani mwenye joto, jasho linamtiririka, kulivua hataki.

Bibi Nesipkul akaulizwa nilizaliwa mwaka gani. Panya! Sauti ilitikisa dirisha. Hakuulizwa tena lakini akasema tena, mara nne, kisha akauliza chai iko wapi. Akafuata Kasken. Alisimama wima, akasema Panya, akamtazama dada yake, akakaa.

Kijana wa ofisi ya pensheni, mwenye kompyuta ya mapajani, akasimama akasema baba yangu mwenyewe ndiye aliyesema 1961, iko kwenye daftari la zamani. Nikamjibu baba yangu mwenyewe ndiye aliyesema niwe wa kiume, je, hilo nalo tuliamini? Watu wakaangua kicheko. Hakimu akaficha mdomo kwa karatasi. Nilijiona nimeshafika jukwaani!

Karatasi yenyewe ilikuwa ya daktari. Akaisoma kwa sauti. Akauliza nani ameiweka humu. Nikasema mimi. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ni kweli. Akaiweka pembeni, Mungu ambariki, kama vile hajaiona.

Niliona moyo wake umeniegemea. Akasema ana swali moja tu, la mwisho, la kawaida. Nilifanya mushel yangu ya mwisho mwaka gani?

Ee Mungu wangu. Mushel! Sisi mnyama wa mwaka wako akirudi, kila baada ya miaka kumi na miwili, huo ndio mwaka wako wa hatari. Unaalika watu, unatoa nguo unayoipenda kuliko zote unampa mtu, na balaa linaondoka nayo. Nilikuwa nimefikiria mashahidi, meno, fimbo, soseji. Mushel sikuifikiria hata mara moja. Aliyezaliwa mwaka wa Panya angeifanya 2008. Nikasema 2008. Haraka, kabla mate hayajakauka.

Katira akasimama.

Naapa alitaka kunisaidia. Ndiyo shida ya Katira, hawezi kukaa chini wenzake wakitoa ushahidi. Akasema anathibitisha kwa mdomo wake, mushel ilifanyika, na nguo alipewa yeye, ndiyo hii hapa! Akalifungua koti mbele ya mahakama kuonyesha bitana. Na ndani ya bitana kipo kitambaa. Mimi hushonea kitambaa cha jina kila koti linalopita mikononi mwangu, ni mazoea ya kazi. Uzi mwekundu, herufi safi, mshono wangu mwenyewe, ukiuona utausifu: "Kutoka kwa Ulbosyn. Mushel. Desemba 2009."

Hakimu akavaa miwani. Mwaka 2009 ni wa Ng'ombe. Hata mtoto anajua.

Hata Bibi Nesipkul aliacha kuulizia chai.

Hakimu akauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayemnyooshea mkono aliyeanguka shimoni. Labda sherehe ilichelewa mwaka mmoja? Hutokea. Msiba unaingia, ugonjwa, baridi mbaya. Watu wengi huahirisha. Je, mama aliahirisha?

Meruert nyuma yangu alikuwa anaitikia kwa kichwa hadi hereni zinalia. Kasken naye anaitikia kwa kichwa. Yule kijana wa pensheni mwenyewe aligeuka akatazama dirishani, asione. Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo.

Lakini aliniuliza mbele za watu! Eti mimi, Ulbosyn, niliuacha mwaka wa hatari upite hivihivi, mume wangu akiwa hai, watoto wangu wako ndani, na mimi sijatoa hata leso? Kama wale wanawake wanaokumbuka mambo yamekwisha kuharibika? Nikasimama nikasema, na waliokuwa barabarani walisikia, kwamba sijawahi kuchelewesha mushel, wala kitu chochote maishani mwangu. Niliifanya kwa mwaka wake, kwa mwezi wake, kwa siku yake, kondoo wawili walichinjwa, na aulizwe mtu yeyote mjini!

Hakimu akafunga faili.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwenda kazini. Rangi ya midomo nimepaka mara mbili.

Katira alikuja peke yake mapema. Akapita nyuma ya kaunta, jambo ambalo haruhusiwi, akalitundika koti lake mwenyewe, tena kwenye ndoano ya mwisho karibu na ndoo. Akasimama. Akasema ulimi wake ungekatwa jana asubuhi ingekuwa nafuu. Nikamwambia ungekatwa zamani tungeokoa mengi. Tukacheka kidogo. Halafu nikalia, nimeweka uso kwenye makoti ya watu, na yeye akanipigapiga mgongoni bila kujua aanze wapi.

Niliumia, naandika wazi. Nimefanya kazi tangu nina miaka kumi na saba. Niliahidiwa siku moja, nikaihesabia miaka arobaini, na nilipoikaribia wakaiondoa bila hata kuniuliza kama magoti yanaweza.

Shara, anayepiga deki ukumbini, alisikia. Akaegemeza fagio. Ana hamsini na saba naye. Akasema yeye alikuwa amekwisha kumwambia dada yake kule Shymkent amwekee chumba, ahamie akistaafu. Umri uliposogezwa, dada akampangisha mtu mwingine. Jambo hili hakuwahi kulisema. Miaka sita tunakunywa chai pamoja!

Alhamisi, 28 Novemba

Tumeunda kwaya yetu, tuko kumi na mmoja. Shara, mpishi wa shule, wauguzi wawili, mama mmoja wa posta, wengine. Sote umri umetukimbia kwa nusu mwaka nusu mwaka. Yerzat amesema ukumbi umejaa ratiba, lakini chumba cha makoti saa ya chakula cha mchana ni changu nifanye nitakavyo. Kumbe siku zote kilikuwa changu.

Tumejiita Bado Kidogo. Jina nimelitoa mimi. Dombra, zeze letu la nyuzi mbili, anapiga yule wa posta, vibaya lakini kwa moyo. Kiongozi ni mimi. Hatukupiga kura, hakukuwa na haja.

Leo tuliimba milango ikiwa wazi. Kwaya ya wastaafu ilitoka mazoezini, kila mtu na kibati chake mkononi, wakasimama upande wa pili wa kaunta. Hakuna aliyeomba koti. Wimbo wa kwanza ukaisha wakabaki. Wa pili. Nilikwenda juu kwenye ule mstari ambao miaka yote Katira anaukwepa, nikakaa huko juu, nikastarehe. Makoti huzuia mwangwi, sauti inatoka safi kabisa. Bibi mmoja alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Na Katira, mdomo wazi! Baadaye akasema mbele ya wote kwamba sauti yangu inaishinda yake. Nikaweka mkono sikioni nikasema sikusikia. Akasema tena, kwa nguvu, na wala hakuwa amelazimishwa na mtu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Magoti hayakuuma hata kidogo.

Alhamisi, 12 Desemba

Leo nimetimiza hamsini na minane. Watoto wamepiga simu. Meruert amepika nyama na kunipakulia kipande cha heshima, na kila aliyekuja aliambiwa mama anaimba.

Na kuna jambo! Yerzat amekuja chumba cha makoti anakimbia, amesahau hata kuvaa koti. Tamasha la Almaty limefungua nafasi kwa vikundi vya wanawake wafanyakazi. Ametuandikisha, imebaki fomu ya kiongozi tu. Shara alipiga kelele akaangusha ndoo. Almaty! Jukwaa lenye pazia! Nimeshawaambia wote rangi ya magauni, na hakuna ubishi, ni buluu.

Nikakaa na fomu. Jina, Ulbosyn. Mji. Kazi. Halafu: umri wa kiongozi, maana vikundi vinagawanywa kwa huo. Yerzat akaniambia walio juu ya hamsini na tano ni vikundi kumi na tisa, vyote vizuri. Walio chini ya hapo ni vitatu tu, na viwili havijui hata kushika noti.

Nikachukua kalamu. Mwaka wa kuzaliwa: 1966. Mwaka wa Farasi! Mnyama mzuri, anayenifaa, sijui kwa nini sikumfikiria mapema. Yerzat akakohoa, akauliza kama kitambulisho nacho kinasema hivyo. Nikamwambia vitambulisho huandikwa na watu, na watu hukosea. Nikakunja fomu nikaifunga ndani ya bahasha, nikaipeleka posta mwenyewe kabla hawajafunga.

Nilipomsimulia Meruert, aliweka sufuria chini. Akasema taratibu, mama, karatasi hiyo ikija kuonekana na wale wa ofisini, na pensheni je?

Nikamwambia asiniharibie siku. Pensheni ni mambo ya wazee.